Breka ya kurudishia umeme ndani ya DB: inakaa wapi, na kwa nini niliizima jenereta ya shemeji Nyeri

Shemeji yangu anakaa Nyeri, upande wa Ruring'u. Mwaka juzi mvua za Aprili ziliangusha mti juu ya nyaya, stima ikapotea siku mbili, nami nilikuwa mgeni wake. Magharibi ilipoingia akatoa jenereta uani, akaiwasha, kisha akaingia ndani na waya mweusi wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja akauchomeka kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya sebuleni. Taa zikawaka nyumba nzima na watoto wakapiga makofi. Mimi nikainuka kwenda kuangalia sanduku la breka. Swichi kubwa ilikuwa imewashwa vile vile.

Niliizima ile jenereta kabla hajamaliza chai yake, na hilo halikumfurahisha. Akaniuliza, kama si hivi, basi ni vipi? Mbona Wamarekani wanaweka breka moja tu ndani ya sanduku, wanaunganisha jenereta, na mambo yanakwenda? Akanionyesha video kwenye simu. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo hilo na watu wa Nanyuki, Karatina, na hata huku kwetu Kisauni na Mtwapa. Kazi yangu ni umeme, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu mara moja, mwenye haja alisome.

Umeme unaorudi nyuma

Kawaida umeme hutoka kwenye nguzo, ukapita kwenye mita, ukaingia swichi kubwa ya DB, kisha ukanda wa shaba ulio ndani ya sanduku ukaugawa kwa breka moja moja: taa, soketi, jiko, shawa. Breka ya kurudishia ni ile inayofanya kinyume. Jenereta au inveta ya sola inaingiza umeme kupitia breka hiyo, umeme unapanda kwenye ukanda wa shaba, kisha unashuka kwa breka nyingine zote. Ule waya wa plagi mbili unafanya jambo lile lile, ila unapitia soketi.

Sasa, ikiwa swichi kubwa imewashwa, huo umeme hauishii ndani ya nyumba. Unatoka kwenye mita, unapanda nguzo, unafika kwenye transfoma. Na transfoma haina mbele wala nyuma. Ile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 hadi 240 za nyumbani, ukiilisha 240 kwa upande wa chini itatoa maelfu ya volti upande wa juu. Fundi wa laini aliyepanda kutoa mti anashika waya anaoamini umekufa.

Watu hunijibu kwamba jenereta ndogo haiwezi, itazimika kwa mzigo wa majirani. Mara nyingi ni kweli. Mtaa mzima ukiwa bado umeunganishwa, jenereta ya kilo tatu inakohoa na kufa papo hapo. Lakini ikiwa waya umekatika karibu na kwako, majirani hawapo tena kwenye mzigo, na jenereta inaendelea kunguruma vizuri. Ndivyo ilivyokuwa Ruring'u. Mti ulikuwa umekata nyaya kwenye nguzo ya pili kutoka kwa shemeji, na kipande kile kilichobaki kinaning'inia juu ya njia ya kwenda dukani kilikuwa na moto wa jenereta yake. Pale ambapo fundi wa laini atakuja kwanza, ndipo jenereta inapodumu.

Kisha kuna yale meno ya plagi. Waya wa plagi mbili ukichomoka kwenye soketi huku jenereta inaunguruma, meno yanabaki wazi yakiwa na volti 240. Nyumba ile ina mtoto wa miaka minne.

Na stima ya laini ikirudi ghafla? Inakutana uso kwa uso na ya jenereta, na mawimbi yao hayaendi pamoja. Jenereta ndiyo hushindwa. Nimefungua mbili zilizokufa hivyo, na harufu ya koili iliyoungua haisahauliki.

Sanduku la Mmarekani si letu

Video zile si uongo. Kwao breka ya kurudishia ni njia halali, ila ina masharti ambayo mtazamaji huyaruka. La kwanza ni kipande cha chuma au plastiki kinachoteleza kati ya swichi kubwa na breka ya jenereta, ili moja isiweze kuwashwa mpaka nyingine izimwe. Kwa sababu hiyo breka ya jenereta kwao hukaa juu kabisa, jirani na swichi kubwa. Mahali pake panaamuliwa na kile kipande. Kikikosekana, basi ni breka tupu pamoja na ahadi ya mwenye nyumba kwamba atakumbuka kuzima, na saa mbili usiku gizani mtu hakumbuki.

Sharti la pili: breka zao nyingi hushindiliwa tu kwenye ukanda, hazifungwi kwa skrubu. Breka inayolishwa kutoka nje ikichomoka inabaki na moto mkononi mwa aliyeishika, kwa hiyo kanuni zao zinataka ifungwe kwa kishikizo cha ziada.

La tatu ndilo linaloua masanduku ya kwetu. Nyumba ya Mmarekani inapata nyaya mbili za moto, volti 120 kila mmoja, na 240 kati yao. Breka yao pacha inashika nyaya hizo mbili za moto. Sisi tuna waya mmoja wa moto wa 240 na mmoja wa nyutro. Ukanda wa shaba ndani ya DB zetu za kawaida ni wa waya wa moto peke yake, nyutro zina kijiti chao pembeni. Fundi akinunua breka pacha, akaipachika kwenye meno ya ukanda huo kama alivyoona kwenye video, kisha akaunganisha moto na nyutro za jenereta juu yake, ameziunganisha nyaya mbili za jenereta kwenye shaba moja. Hiyo ni shoti. Ukibahatika breka inaruka, usipobahatika sanduku linayeyuka.

Kwa hiyo ukiniuliza breka ya jenereta ikae wapi ndani ya DB ya kawaida ya Kenya, jibu langu ni kwamba isikae kwenye ukanda. Isogee nje, nyuma ya swichi ya chenjiova.

Mahali pake hasa

Chenjiova ni swichi yenye nafasi tatu: 1 ni laini, 0 katikati ni hakuna kitu, 2 ni jenereta. Haiwezekani kwa umbile lake kugusa 1 na 2 kwa wakati mmoja, maana lazima ipite kwenye 0. Inakaa baina ya waya unaotoka kwenye mita na swichi kubwa ya DB. Waya wa mita unaingia kwenye 1, waya wa jenereta unaingia kwenye 2, na pale pa pamoja panakwenda DB. Breka ya jenereta inakaa kwenye kisanduku chake kidogo kabla ya kufika kwenye 2. Kazi yake ni kulinda ule waya na jenereta yenyewe, si kuchagua nani alishe nyumba.

Iwe ya kukata nyaya zote mbili, moto na nyutro. Ukikata moto peke yake, nyutro ya nyumba inabaki imeunganishwa na nyutro ya mtaa, na kukiwa na hitilafu huko nje unaweza kukuta volti mahali usipozitarajia.

Kosa ninalolikuta sana ni ukubwa wa chenjiova. Mtu ana jenereta ndogo, anauziwa chenjiova ya ampea 32 kwa kuwa jenereta haifiki hata 25. Anasahau kwamba siku za kawaida stima yote ya laini inapita kwenye swichi hiyo hiyo. Nyumba yenye shawa ya umeme, pasi na jiko inavuka 32 bila kujitahidi. Nunua ya 63, au inayolingana na swichi kubwa ya nyumba ikiwa ni zaidi.

Jambo jingine la huku kwetu Kenya: siku hizi nyumba nyingi mita yenyewe iko juu ya nguzo, na ndani mna kile kibodi cha kuingizia tokeni tu. Wapo wanaodhani kukizima au kukichomoa kibodi ni kukata umeme. Sivyo. Waya wa kutoka nguzoni bado umefika kwenye swichi yako. Na sehemu yoyote yenye lakiri ya Kenya Power haifunguliwi na fundi wa mtaani. Kazi ikihitaji kukatiwa huko juu, waombwe wao.

Baridi, mwinuko na shawa

Ile jenereta shemeji aliinunua Mombasa. Akaijaribu dukani ikabeba kila kitu, akaipakia kwenye basi. Nyeri ikaanza kulegea, naye akawa na hakika ameuziwa bovu.

Nyeri mjini iko kama mita 1,750 juu ya bahari, Nanyuki imepita hapo. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: jenereta iliyoandikwa kVA 5, ambayo pwani ingetoa karibu ampea 21, Nyeri inabaki na kama kVA 4, yaani ampea 16 au 17. Breka yake basi iwe ya 16. Ukiweka ya 32 kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani, haitaruka kamwe. Jenereta itaungua ikiilinda breka.

Na mlimani kuna kitu ambacho sisi wa pwani hatukijui vyema, ile shawa inayochemsha maji papo hapo. Julai Nyeri huwezi kuoga maji ya bomba. Shawa ya wati 5,500 peke yake inakula ampea 23. Hakuna jenereta ya kubebwa kwa mkono itakayoibeba pamoja na friji. Kwa hiyo kazi nzuri kwa nyumba za huko ni kugawa DB: taa, friji, soketi za sebuleni na pampu ziingie kwenye sanduku dogo linalopita kwenye chenjiova, shawa na jiko vibaki kwenye sanduku kubwa la laini tu. Hapo hata mtoto akiwasha shawa gizani, hakuna kinachotokea.

Baridi hiyo hiyo ndiyo inayowafanya watu kuingiza jenereta barazani au kwenye gareji na kufunga milango. Moshi wake una hewa ile ile ya sumu ya jiko la makaa, haina rangi wala harufu. Iweke nje, mbali na madirisha.

Upande mmoja mlimani wanatushinda: udongo. Ule mwekundu wa Nyeri unashika maji, nondo ya ardhini ukiipigilia inafanya kazi. Kwetu Lamu na Mombasa chini ni tumbawe, nondo inaingia kwa taabu na ukipima unakuta upinzani mkubwa. Hili lina maana kwa jenereta, sababu jenereta nyingi ndogo nyaya zake mbili hazijaunganishwa na ardhi popote. Kinga ya umeme unaovuja, RCD, inategemea umeme uliovuja upate njia ya kurudi kwenye chanzo chake. Bila njia hiyo haitaruka hata ukimgusisha mtu. Fundi anatakiwa aunganishe waya mmoja wa jenereta na nondo, mahali pamoja tu, huo ndio uwe nyutro, kisha apime kwa kipimo. Kubonyeza kile kitufe cha majaribio hakutoshi, maana kitufe kina njia yake mwenyewe ndani na kitaruka hata pale nondo haipo.

Hapo hapo niseme: si kila breka inakubali kulishwa kutoka upande wa pili. Zile zenye kinga ya uvujaji ndani yake, nyingi zimeandikwa wapi pa kuingia na wapi pa kutokea, kwa herufi au mishale. Ukiilisha kinyume, breka ikiruka vifaa vyake vya ndani vinabaki na umeme na kuungua, nawe hutajua mpaka siku utakapoihitaji. Uingereza, ambako kanuni zetu za waya zimetoka, iliongeza maelezo juu ya hili mwaka 2024 kwa sababu ya wingi wa sola.

Sola ni habari nyingine

Milima ya Kenya imejaa sola sasa, kuanzia Naro Moru hadi Meru, na hapa ndipo breka ya kurudishia inapokaa kweli ndani ya sanduku. Inveta inayofanya kazi sambamba na laini haichagui 1 wala 2, inaingiza umeme huku laini nayo inaingiza. Inaruhusiwa kwa kuwa imetengenezwa kuzima yenyewe laini ikikatika, ndani ya sekunde chache au pungufu. Jenereta ya petroli haina akili hiyo.

Mahali pa breka yake ni mwisho wa ukanda, mbali na swichi kubwa. Sababu yake ni rahisi ukiichora. Swichi kubwa inaleta, tuseme, ampea 100 kutoka kushoto. Sola inaleta 20. Zikiingia upande mmoja, kipande cha shaba kilicho karibu kinaweza kubeba 120 wakati kimetengenezwa kwa 100, na hakuna breka itakayoruka, kwa kuwa kila moja inaona kiasi chake halali. Zikiingia kutoka ncha mbili zinakutana katikati na hakuna kipande kinachozidiwa. Wamarekani wanaruhusu hivyo kwa kikomo: jumla ya swichi kubwa na breka ya sola isizidi asilimia 120 ya uwezo wa ukanda. Waingereza ni wagumu zaidi, wanataka ukanda uwe na uwezo wa jumla yote, na wanapendelea sola iingie kabla ya DB. Mimi nawafuata hao wa pili, shaba si ghali kuliko nyumba.

Breka hiyo ya sola iwe peke yake, isichangie RCD na soketi. RCD ikiruka kwa sababu mtu kaguswa na umeme, inveta huchukua kitambo kabla haijazima, na kitambo hicho soketi inaendelea kulishwa.

Inveta zenye betri zina sehemu mbili, ya laini na ya kulisha nyumba. Nimeona Karatina fundi ameirudisha ile ya kulisha nyumba kwenye DB ile ile inayopokea laini, akidhani ni breka ya kurudishia. Inveta mpya ilidumu mpaka stima iliporudi. Upande wa kulisha nyumba uende kwenye sanduku lake pekee.

Kuuza umeme? Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu, na kanuni za 2024 zikaweka namna: mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anapewa hesabu ya nusu ya kila yuniti aliyorudisha. Lakini lazima uombe na uwekewe mita ya pande mbili. Usijaribu na mita ya tokeni, baadhi yake huhesabu umeme unaotoka kama uliotumia, na utakuwa unailipia sola yako mwenyewe.

Kazi yote hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Kwa waya za nyumba madaraja huanzia C2 na kupanda, kwa sola ni T1 hadi T3. Mwombe akuonyeshe, fundi wa kweli hatakasirika.

Mwezi wa pili baada ya ile mvua nilirudi Ruring'u na fundi wa hapo hapo mwenye leseni. Tukaweka chenjiova ya 63, breka ya 16 kwenye kisanduku chake, sanduku dogo la breka tano, na taa nyekundu kabla ya chenjiova inayoonyesha kama laini imerudi. Mlangoni tukabandika karatasi: zima breka zote, peleka 0, washa jenereta, ingoje dakika tatu, peleka 2, washa breka moja moja. Taa nyekundu ikiwaka, zima zote, 0, kisha 1, jenereta ipumue ndipo izimwe.

Ule waya wa plagi mbili niliukata vipande vitatu pale pale uani. Shemeji aliniangalia tu. Baadaye alinipigia simu, kumbe alikuwa na mwingine.